Pima Kabla Hujalipa: Urefu, Eneo na Ujazo kwa Anayejenga

Maswali yanakuja kwa sura tofauti, lakini undani wake ni mmoja. "Jamvi la nyumba yangu litakula mifuko mingapi ya saruji?" "Ni kweli kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70?" "Fundi ameniandikia boksi 20 za marumaru kwa chumba kimoja, si nyingi hizo?" "Tangi la chini lenye mita 2 kila upande linabeba lita ngapi?"

Majibu ya maswali haya yote yamo kwenye hesabu za shule ya msingi: urefu, eneo na ujazo. Wengi tuliziacha kwenye madaftari ya mtihani, kisha tunakutana nazo tena siku ya kununua kiwanja, na safari hii anayekosea halipi kwa alama, analipa kwa fedha. Nimewaandikia hasa wanaojenga kidogo kidogo, mshahara hadi mshahara au mavuno hadi mavuno. Kwao mifuko kumi ya saruji iliyonunuliwa bure ni mwezi mzima wa kujinyima. Sitathibitisha kanuni yoyote. Nitaonyesha hatua za kufuata na mahali ambapo watu hukosea.

## Kwanza ujue unapima nini

- Urefu ni wa kitu unachokifuata kwa mstari: uzio, bomba, waya, nondo, kamba ya msingi. Unapimwa kwa mita au futi.
- Eneo ni la kitu unachokifunika: kiwanja, sakafu, ukuta wa kupakwa rangi, paa. Linapimwa kwa mita za mraba, ambazo mafundi huziita skwea mita.
- Ujazo ni wa kitu kinachojaza nafasi: zege, mchanga, kokoto, maji, shimo la choo. Unapimwa kwa mita za ujazo au lita.

Ukitaka kumkagua fundi bila kugombana naye, hesabu vipimo alivyochukua. Urefu unahitaji kipimo kimoja. Eneo la mstatili linahitaji viwili, urefu na upana. Ujazo unahitaji vitatu, na cha tatu ndicho husahaulika: unene, kimo au kina. Fundi akikwambia zege la sakafu ni kiasi fulani, nawe ukaona amepima urefu na upana tu, muulize unene ni sentimita ngapi. Akijibu "kawaida tu," bado hajapiga hesabu.

Plasta huwachanganya wengi. Ukuta ni eneo, lakini plasta yenyewe ina unene, kwa hiyo ni ujazo. Mita 100 za mraba zikipigwa plasta ya sentimita 1.5 ni mita 1.5 za ujazo. Ukuta uliojengwa ukiwa na mawimbi, plasta ikafika sentimita 3 ili kuuficha ubovu, unakula mchanga na saruji mara mbili.

## Tepu na namna ya kuishika

Nunua tepu yako mwenyewe. Ya mita 5 inatosha vyumba, na ya mita 30 au 50 unaweza kuazima siku ya kupima kiwanja. Kisha fuata haya:

1. Angalia mwanzo wa tepu. Ikiwa kichwa kimekatika, anza kupima kwenye alama ya sentimita 10, na ukisoma mwishoni uzitoe hizo 10.
2. Ivute ikaze. Tepu ndefu iliyolegea katikati inasoma urefu mkubwa kuliko uliopo.
3. Pima kila upande mara mbili, mara ya pili ukianzia upande mwingine. Namba zikitofautiana, pima mara ya tatu.
4. Andika hapo hapo, pamoja na jina la kipimo. "12" peke yake kwenye karatasi haina maana. Andika "mita 12" au "futi 12".
5. Chagua mita au futi, na ubaki nayo hadi mwisho wa kazi.

Hatua hiyo ya tano ina mtego. Futi 12 na inchi 6 si futi 12.6. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu futi, na namba ya kuingiza kwenye kikokotoo ni 12.5. Futi 12 na inchi 9 ni 12.75. Dirisha likiagizwa kwa fundi wa aluminiamu na makosa ya namna hii ndani yake, haliingii kwenye nafasi yake, na ukuta ndio hubomolewa.

Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, na futi moja ni sentimita 30.48. Andika namba hizo mbili nyuma ya daftari lako.

## Kiwanja: usinunue mzunguko ukidhani ni eneo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba viwanja vyenye mzunguko sawa vina ukubwa sawa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80 na eneo la mita 400 za mraba. Kiwanja cha mita 30 kwa 10 nacho kina mzunguko wa mita 80, ila eneo lake ni mita 300 za mraba. Ukikizunguka kwa miguu utatembea umbali ule ule, na robo ya ardhi haipo. Kinyume chake, kiwanja cha 10 kwa 40 kina mita 400 za mraba kama kile cha 20 kwa 20, lakini uzio wake ni mita 100. Utanunua tofali za mita 20 zaidi ili kuzungushia ardhi ile ile. Kwa hiyo uliza eneo kwa ajili ya bei ya ardhi, na mzunguko kwa ajili ya gharama ya uzio. Ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Hatua 70 kwa 70. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukitaka mraba wenye eneo hilo, kila upande uwe na mita 63.6. Desturi ya hatua 70 inakubali ikiwa kila hatua ina sentimita 91, na hiyo ni hatua ya mtu anayejinyoosha. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akipiga 70 kwa 70 anapata mita 52.5 kila upande, yaani mita za mraba 2,756. Hiyo haifiki hata robo tatu ya ekari, nawe umelipia ekari nzima. Akitokea mwingine akakupimia mita 70 kwa mita 70, amekupa mita za mraba 4,900, karibu ekari moja na sehemu ya tano. Hatua ni nzuri kwa kukadiria shamba la kukodi msimu mmoja, lakini ardhi unayoinunua moja kwa moja ipimwe kwa tepu, na baada ya tepu aje mpima ardhi.

Hamsini kwa mia. Kwa wasomaji wa Kenya, kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kama sehemu ya nane ya ekari. Piga hesabu: 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ina futi za mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Zinapungua 445, sawa na mita 41 za mraba, ambazo ni vyumba vitatu vya kawaida. Unaweza kukinunua kwa amani, mradi unajua ulichonunua na bei imezingatia hilo.

Kiwanja kisicho na kona za mraba. Viwanja vingi vya mitaani vina pande nne zisizolingana. Njia inayotumika sana ni kujumlisha pande zinazotazamana, kugawa kwa mbili, kisha kuzidisha. Njia hiyo ikikosea hukosea upande mmoja tu: huongeza eneo, haipunguzi kamwe. Kwa hiyo kila mara inamfaa muuzaji.

Chukua kiwanja chenye pande za mita 13, 20, 17 na 10, kwa mpangilio huo ukizunguka. Muuzaji anajumlisha 13 na 17, anagawa kwa 2, anapata 15. Anajumlisha 20 na 10, anagawa kwa 2, anapata 15. Kisha 15 mara 15 ni 225. Sasa kipime ipasavyo:

1. Vuta tepu kutoka kona moja hadi kona inayoitazama, ukikata kiwanja katika pembetatu mbili. Kwa kiwanja hiki, chukua kona iliyo kati ya upande wa 13 na ule wa 10. Tuseme umepata mita 21.
2. Kutoka kila moja ya kona mbili zilizobaki, pima umbali mfupi kabisa hadi kwenye mstari huo. Sogeza tepu kushoto na kulia hadi uone namba ndogo kuliko zote. Tuseme ni mita 12 upande huu na mita 8 upande ule.
3. Jumlisha hizo mbili: 20.
4. Zidisha kwa urefu wa mstari: 20 mara 21 ni 420. Gawa kwa 2.

Eneo halisi ni mita 210 za mraba. Zile 15 zilizozidi ni chumba cha mita 3 kwa 5 kilichokuwa kwenye karatasi tu. Kiwanja chenye pande tano au sita nacho ukikate pembetatu, upige kila moja nusu ya kitako mara kimo, kisha ujumlishe.

Tahadhari kabla ya kutoka kiwanjani:

- Kwenye mteremko, ukubwa wa kiwanja huhesabiwa kwa umbali wa mlalo, kama mtu anayekitazama kutoka juu. Inua tepu upande wa chini hadi ilale sawa, tumia timazi kushusha alama, na upime vipande vifupi vifupi.
- Tepu yako haikupi mpaka wa kisheria. Inakusaidia kujua kama namba uliyotajiwa inafanana na ardhi unayoiona. Mawe ya mipaka na ramani ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni.
- Uliza kama njia imekatwa tayari au itakatwa ndani ya kiwanja chako. Njia ya mita 3 kwenye upande wa mita 20 ni mita 60 za mraba.

## Kona za nyumba: 9, 12 na 15

Nyumba ya mita 9 kwa 12 inaweza kuwa na pande zote sahihi na bado ikawa imelala upande. Sukuma kona mbili kidogo, pande zinabaki 9 na 12, ila kona si za mraba tena. Utaligundua tatizo kwenye marumaru, pale mstari wa mwisho unapokuwa mpana mwanzo na mwembamba mwisho, na kwenye kenchi, pale bati zinapokataa kulingana.

Mafundi wazuri wana 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili ziwe mita 5 kamili. Kwa nyumba yetu ni rahisi zaidi, kwa sababu 9, 12 na 15 ni namba hizo hizo mara tatu. Kabla msingi haujachimbwa, vuta tepu kona hadi kona, pande zote mbili. Zote zisome mita 15. Ukikuta moja ni 14.5 na nyingine inakaribia 15.5, mambo (vigingi vya kamba) yang'olewe na kamba zifungwe upya. Siku hiyo hakuna kilichoharibika.

Usikubali kuambiwa kwamba skwea ndogo ya chuma inatosha. Skwea ya sentimita 60 ikikosea milimita 3, kwenye ukuta wa mita 12 kosa hilo linafika sentimita 6.

## Jamvi: unene ndio unaokula fedha

Tuendelee na nyumba hiyo hiyo. Sakafu ni 9 mara 12, mita 108 za mraba. Unene uliokubaliwa ni sentimita 10. Usizidishe 108 kwa 10. Badili sentimita kuwa mita kwanza. Sentimita 10 ni mita 0.1, kwa hiyo zege ni mita 10.8 za ujazo.

Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo ya zege hula takriban:

- mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50;
- mchanga mita 0.45 za ujazo;
- kokoto mita 0.9 za ujazo.

Kwa jamvi letu hiyo ni mifuko 70, mchanga karibu mita 5 na kokoto karibu mita 10 za ujazo. Ongeza kidogo kwa ajili ya kumwagika na mifuko iliyochanika.

Msomaji makini atauliza: mchanga 5 na kokoto 10 ni 15 tayari, mbona zege ni 10.8? Kokoto zina nafasi katikati yake, mchanga unaingia humo. Mchanga nao una nafasi, saruji inaingia humo. Vitu vikavu vikichanganywa hupungua. Ndiyo maana anayeagiza mita 10.8 za mchanga, kokoto na saruji kwa pamoja hukwama jamvi likiwa halijafika mwisho.

Sasa tazama unene. Kifusi kikiwa hakijasawazishwa vizuri, jamvi la sentimita 10 hugeuka kuwa la 12.5 kwa wastani. Ni inchi moja tu, jicho halioni. Lakini 108 mara 0.125 ni mita 13.5 za ujazo, na saruji imefika mifuko 88. Mifuko 18 imezama chini ya sakafu na haikuongezei chochote ulichokusudia. Kwa hiyo:

1. Kifusi kishindiliwe na kumwagiwa maji kabla ya siku ya zege.
2. Funga kamba kwa pimamaji, kutoka ukuta hadi ukuta, kwenye usawa wa juu wa jamvi.
3. Pima kwenda chini kutoka kwenye kamba, sehemu nyingi: pembeni, katikati, milangoni. Andika zote, jumlisha, gawa kwa idadi yake. Huo ndio unene wa kupigia hesabu.
4. Palipo na shimo, jaza kifusi. Kifusi ni rahisi kuliko zege.

Kuhusu kuchanganya: mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa hiyo kila mfuko unaoenda na moja, mbili, nne hupewa lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Kwa ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa mdomoni, ni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Toroli lina tabu yake: likijazwa kilima asubuhi na likabaki nusu jioni vijana wakichoka, zege la asubuhi na la jioni si moja. Ukitaka toroli, lipime kwa ndoo mara moja, uweke alama ya rangi ndani, na mkubaliane hapo.

## Mchanga wa tripu

"Tripu moja" si kipimo. Kila lori lina bodi lake. Kabla halijamwaga, pima ndani ya bodi: urefu, upana na kimo cha mchanga wenyewe, si kimo cha mbao. Bodi la mita 3.5 kwa 1.8 lenye mchanga wa sentimita 60 limebeba 3.5 mara 1.8 mara 0.6, yaani mita 3.78 za ujazo. Dereva akisema ni tano, kimo kingepaswa kufika karibu sentimita 80.

Mchanga mwembamba wenye unyevunyevu huvimba. Ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo au zaidi bila kuongezeka punje moja. Ukiununua siku ya manyunyu, zingatia hilo kwenye bei na kwenye ndoo za kuchanganyia. Kilima kilicho katikati ya bodi kisawazishwe kwa koleo kwanza. Wengine huona aibu kulisimamisha lori na kupanda na tepu. Panda. Ukishamwagiwa chini, huwezi tena kupima sawasawa.

## Marumaru na tofali

Kwa marumaru, eneo pekee halitoshi. Tazama pia kama ukubwa wake unagawanyika kwenye chumba. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.2 kina mita za mraba 15.12. Marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinaingia 6 upande mmoja na 7 upande mwingine: 42, bila kukata hata moja, usipohesabu nafasi ya viungio. Boksi la 4 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni boksi 10 na nusu. Nunua 12, zinazobaki zihifadhi, kwa sababu rangi ile ile huenda usiipate tena mwakani. Yule aliyeandikiwa boksi 20 kwa chumba cha ukubwa huu amwombe fundi amwonyeshe hesabu yake.

Kwa ukuta, tofali la saruji ambalo uso wake ni sentimita 45 kwa 23 linakwenda kama 9 kwa kila mita ya mraba ukijumlisha viungio. Nyumba yetu ina mzunguko wa mita 42. Kwa kimo cha mita 3, kuta za nje ni mita 126 za mraba. Toa milango na madirisha: milango 2 ya 0.9 kwa 2.1 na madirisha 8 ya 1.5 kwa 1.2 ni mita 18 hivi. Zinabaki 108, yaani tofali 970. Ongeza kama 50 za kuvunjika. Asiyetoa milango na madirisha atanunua zaidi ya 1,130.

## Tangi la maji: pima ndani

Tangi la mita 2 kwa 2 kwa 2 ni mita 8 za ujazo, na kila mita ya ujazo ni lita 1,000. Lita 8,000, basi? Inategemea hizo mita 2 zimepimwa wapi.

Kama ni vipimo vya nje na kuta zina sentimita 15, ndani umebaki na mita 1.7 kwa 1.7. Toa sentimita 15 za sakafu, na nyingine 15 za juu ambako maji hayafiki kwa sababu ya bomba la kumwagia ziada. Kina cha maji ni mita 1.7. Zidisha 1.7 mara 1.7 mara 1.7: mita 4.9 za ujazo, lita 4,900. Familia inayotumia lita 200 kwa siku ilitarajia maji ya siku 40 na itapata ya siku 24. Mwambie fundi lita unazotaka, kisha mpatane vipimo vya ndani.

Tangi la duara: chukua nusu ya kipenyo, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa kina. Kipenyo mita 1.5 na kina mita 2 inatoa 0.75 mara 0.75 mara 3.14 mara 2, karibu lita 3,500. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili, kikokotoo kitakupa zaidi ya lita 14,000, mara nne ya ukweli.

Na mvua? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la nyumba yetu, likitokeza sentimita 60 kila upande, linafunika mita 10.2 kwa 13.2, karibu mita 134 za mraba. Tumia eneo lililofunikwa chini, siyo urefu wa bati lililoinama. Mvua ya milimita 20 inaleta karibu lita 2,700. Ukiacha inayoruka nje ya mfereji na ile ya kwanza ya kusafisha vumbi, hesabu lita 2,100. Mvua tatu za namna hiyo zinalijaza tangi la lita 4,900.

## Kubadilisha mita kuwa futi

- Mita 1 ni futi 3.28.
- Mita 1 ya mraba ni futi za mraba 10.76.
- Mita 1 ya ujazo ni futi za ujazo 35.3.

Usitumie 3.28 kwenye eneo. Mita 400 za mraba zikizidishwa kwa 3.28 zinatoa 1,312. Jibu sahihi ni takriban futi za mraba 4,300. Vivyo hivyo, mita 1 ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, si 100.

## Maswali ya wenye shaka

"Fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi. Nikipima si nitamkosea heshima?" Fundi mwenye uzoefu hukadiria vizuri nyumba zinazofanana na alizojenga. Ya kwako ikiwa na mteremko au vyumba vikubwa, kadirio lake linayumba. Mwambie, "Fundi, naomba tupime pamoja ili nijue cha kununua." Wengi hufurahi, kwa sababu vifaa vikiisha katikati ya kazi, wao ndio hukaa bila ujira.

"Simu yangu ina programu ya kupima kwa kamera." Itumie kukadiria chumba ukiwa dukani. Kwa kitu kinachokatwa, kama kioo, mlango au marumaru, tumia tepu.

"Hesabu hazipandi kichwani mwangu." Mtafute mtoto wa darasa la saba nyumbani. Mpe vipimo na kikokotoo, fanyeni kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Majibu yakitofautiana, rudieni kupima kabla ya kurudia kuzidisha; mara nyingi kosa liko kwenye tepu.

"Nimeshalipa, na sasa naona vipimo havifanani." Usianze na ugomvi. Pima tena mbele ya muuzaji na shahidi mmoja, mkiandika namba zote kwenye karatasi moja pamoja na mchoro wa kiwanja au shehena, tarehe na sahihi za wote. Kwa ardhi, peleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na kwa mpima ardhi kabla hujamwaga hata tripu moja ya mchanga. Kwa mchanga na kokoto, mwite muuzaji mzigo ukiwa bado haujaguswa, kwa sababu ukishaanza kuuchota hutakuwa na cha kuthibitisha.